Mjomba kaleta chenso, nikiulizia vifaa vya kujikinga ananicheka

SWALI

Fundi shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni kijana wa huku Tandahimba, tunalima korosho shamba la mama ila msimamizi ni mjomba, na unajua kwetu huku mjomba akishasema kasema. Sasa msimu umeisha, hela ya mnada ikaingia, mjomba akaenda Dar kwa mambo yake akarudi na chenso, ule msumeno wa injini wa kukatia miti. Sio mpya, imepigwa rangi juu kwa juu hata jina husomi vizuri, ila inawaka na nguvu inayo kwelikweli. Anataka nianze nayo kwenye mikorosho ile ya babu, imezeeka, imebanana, matawi yameingiliana mpaka chini ni giza tupu. Bwana shamba alishakuja akasema mingine itolewe kabisa na mingine ikatwe kibaki kisiki ichipue tuje tubebeshe mbegu bora. Kwa hilo sina ubishi, mikorosho imechoka kweli.

Shida yangu mimi panga na shoka ndo nimezoea, hii kitu sijawahi kuishika. Nimeiwasha pale uani ikavuma mpaka mikono ikafa ganzi, nikaizima. Alafu kuna jamaa kijiji cha jirani ana kovu pajani mpaka leo anachechemea, ni chenso hiyohiyo. Nikamwambia mjomba tununue kwanza vifaa vya kujikinga, akacheka mbele za watu, akasema hayo ni madoido ya wazungu, babu yako kafyeka pori lote hili peku na shoka lake hajakatika hata ukucha. Na shemeji zangu walikuwepo pale, basi nikawa mdogo kama piritoni.

Nina laki mbili na nusu yangu mwenyewe ya ufuta. Ninunue nini kwanza? Helmeti ya bodaboda ninayo, gambuti ninazo, na jinzi za mitumba zile ngumu ninazo mbili, nikizivaa zote mbili kwa pamoja haitoshi? Jua la huku unalijua, nikivaa manguo mazito si ntazimia shambani? Alafu mjomba anasema tuanze na mwembe wa karibu na nyumba ya bibi maana unadondosha matawi kwenye bati. Na kingine nilisahau, kile kibao cha plastiki mbele ya mkono wa kushoto kimevunjika, aliyeuza kamwambia mjomba ni cha kuzuia majani tu hakina kazi. Naongeaje na huyu mzee bila kumvunjia heshima?

Kijana wa korosho, Tandahimba

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuchekwa. Umeniandikia mengi ila lililonishtua umelitupia mwishoni kabisa kama kitu cha kuchomekea, hicho kibao kilichovunjika. Aliyemwambia mjomba wako ni cha kuzuia majani ama hajui anachouza ama anajua sana. Hicho kibao ndio mkono wa breki ya cheni. Ukikisukuma mbele cheni inatakiwa isimame hapohapo, na kwenye mashine nyingi za siku hizi hata usipokigusa, mashine ikirushwa ghafla breki inajifunga yenyewe.

Kwa nini irushwe? Angalia lile bapa la chuma ambalo cheni inazunguka. Pale kwenye ncha, ile robo ya juu ya mduara wa ncha, ndipo penye balaa. Cheni ikigusa kitu kigumu kwa sehemu hiyo, jino linashindwa kukata linang'ang'ania, basi nguvu yote ya injini inageuka na bapa linaruka juu na kurudi nyuma kwa mwenye mashine, yaani usoni, shingoni, begani. Mafundi wanasema mashine imepiga teke. Na hilo teke halisubiri wewe uone ndo ukwepe, linakuja chini ya sekunde moja, mpaka ubongo ushtuke limeshapita. Ndo maana breki ipo, kwa sababu mtu hawezi kuwahi. Kwahiyo jibu la kwanza kabla ya hiyo laki mbili na nusu yako: mashine hiyo usikate nayo hata kijiti mpaka kibao kibadilishwe na breki ikaguliwe na fundi anayezijua chenso, sio wa pikipiki tu. Tena mwambie aangalie na kile kidude cha chini kinachodaka cheni ikikatika, na ile loki ya nyuma ya mshikio ambayo bila kuibana na kiganja mashine haipokei resi. Mashine za kupaka rangi juu kwa juu mara nyingi vitu hivi vimeshang'olewa zamani.

Ikirudi kutoka kwa fundi ijaribu wewe mwenyewe kila asubuhi. Iweke chini penye usawa, iwashe, ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma tu bila resi, cheni isizunguke kabisa. Kisha ishike kwa mikono yote miwili, piga resi kidogo, sukuma kibao mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mshikio. Cheni isimame palepale. Ikijivutavuta ndo isimame, rudisha kwa fundi.

Tuje kwenye mwili wako. Jinzi mbili hapana, hata tatu hapana. Watu wanafikiri suruali ya chenso ni nguo ngumu ambayo meno hayapenyi, sio hivyo. Ndani yake kuna tabaka za nyuzi ndefu laini, cheni ikikata kitambaa cha juu inazinyofoa zile nyuzi, zinatoka nyingi kwa mpigo zinaenda kujisokota kwenye gia inayoendesha cheni, mashine inakwama. Yaani suruali inakubali kuharibika ili mguu ubaki. Jinzi haina nyuzi za kufanya hivyo, inachanika tu na vipande vyake vinaingia kwenye kidonda, daktari anapata kazi ya ziada ya kuvitoa. Ukienda kununua tafuta alama ya picha ya chenso na maandishi ya klasi. Klasi 1 imepimwa kwa cheni inayokwenda meta 20 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 72 kwa saa. Hapo ndo utaona hoja ya babu na shoka lake inaishia wapi: shoka linakwenda kwa mkono wako, mkono ukisimama na lenyewe limesimama.

Kuhusu jua, hofu yako ni ya kweli, Mtwara sio Norway. Kuna aina ya kufunga mbele tu kwa mikanda, juu ya suruali yako ya kawaida, nyuma iko wazi upepo unapita. Kwa mtu anayekata kwa kusimama chini kama wewe hiyo inatosha kuanzia na inavumilika. Anza kazi alfajiri, saa nne au tano uwe umemaliza, maji yawe karibu. Kazi ya chenso na mwili uliochoka haviendani, ukiona mikono inaanza kutetemeka zima, hata kama mti umebaki nusu ya matawi. Na hiyo suruali ikishakatwa na cheni hata mara moja usiipeleke kwa fundi cherehani, sindano ikizibana zile nyuzi hazitatoka tena siku nyingine, hapo umebaki na pambo. Na usiifue kwa jiki.

Ukikuta mitumba ya suruali za chenso, zipo wakati mwingine, igeuze ndani nje uikague kama ina kiraka au mshono mgeni. Ikiwa nao iache hata kama ni bei ya karanga.

Helmeti ya boda iache kwenye boda. Kioo chake kitajaa ukungu wa jasho dakika kumi tu, alafu imeziba masikio kiasi cha kukufanya usisikie mtu anayekupigia kelele "kimbia" lakini haizuii kelele ya mashine inayoua masikio. Chenso inapita desibeli 100. Kipimo wanachokitumia wataalamu ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikipanda tatu muda unakatwa nusu, kwahiyo ukifika 100 unabaki na kama robo saa tu ya usalama. Kijana unamaliza msimu mmoja alafu unaanza kuwaambia watu "eti?" kila neno. Nunua ile helmeti ya wakata miti, imekuja na wavu wa chuma mbele ya uso na vikombe vya kuziba masikio vinapanda na kushuka. Wavu haushiki ukungu ila vumbi laini linapita, kwahiyo ndani vaa miwani ya plastiki, ni bei ndogo sana.

Gambuti haina kitu inachokuzuilia zaidi ya matope. Kama buti za chenso zenyewe zimekushinda bei, basi angalau buti za kazi zenye chuma kwenye vidole na soli yenye meno, maana shamba la mikorosho ukishakata limejaa vijiti vya kuteleza. Glavu za ngozi zinazokaa vizuri mkononi, sio zile kubwa za kuchomelea ambazo vidole vinaogelea.

Kwahiyo kwa hela yako, mpangilio wangu ni huu: breki kwanza, na hiyo ni mashine ya mjomba alipe mjomba. Cha pili miguu, maana miguu na magoti ndo panapoumia sana kwenye kazi hii, na jamaa yako wa kovu ni shahidi. Cha tatu kichwa, macho na masikio kwa seti moja. Buti na glavu zinafuata. Kama hela imeishia kwenye suruali, basi kazi ya chenso ingoje hela ya helmeti, na hapo katikati mkodi mtu mwenye vifaa na uzoefu aje akate ile mikubwa wewe ukiwa pembeni unajifunza. Siku mbili za kumtazama mtu anayejua ni bora kuliko maneno yangu yote haya.

Sasa mjomba. Kosa sio kumwambia, kosa ni kumwambia mbele ya shemeji, pale mzee lazima ashinde. Mfuate jioni akiwa peke yake, au pitia kwa mama yako kwanza maana dada mtu ana njia zake za kumfikia kaka yake. Usianze na "naogopa" wala usianze na nguo. Anza na mashine yake: mjomba, nimeambiwa hii mashine breki imevunjika, tuliuziwa na kasoro, naomba tuipeleke kwa fundi isije ikatufia. Hapo umesimama upande wake, anayeonekana vibaya ni muuzaji. Breki ikishakuwa jambo la kweli, suruali inaingia yenyewe. Na ili usionekane mvivu usikae bure ukingoja, mwambie wakati mashine iko kwa fundi mimi napalilia chini ya miti, naondoa vichaka, na naenda na bwana shamba kuweka alama ya rangi mti upi unatoka na upi unabaki, kwa nafasi ile ya meta 12 kwa 12 ambayo watafiti wa korosho wa kituo cha Naliendele wanaisema kila siku. Kazi hiyo lazima ifanyike tu, na bila hiyo utajikuta umeangusha mti mzima ukaacha mgonjwa.

Akikataa kabisa? Basi umri wako unaruhusu kusema "mjomba hapo nisamehe" kwa sauti ya chini na magoti yakiwa yamepinda. Atanuna wiki, atakuja.

Mkorosho wenyewe una tabia zake ambazo vitabu vya Ulaya havikuandikiwa. Mti wa msonobari umenyooka, mkorosho unatawanya matawi kuanzia chini, mengine yanalala kabisa ardhini yakapinda yakainuka tena. Maana yake ncha ya bapa unaweza usiione imegusa nini, unakata tawi hili kumbe ncha imeingia kwenye tawi la nyuma yake, teke hilo. Kwahiyo usiingie katikati ya matawi na chenso. Toa kwanza vijitawi vidogo kwa panga na msumeno wa mkono mpaka uone mwanga nyuma ya kile unachokata, ndo uwashe mashine. Kata kwa sehemu ya bapa iliyo karibu na injini, sio kwa ncha. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mshikio wa mbele kiufunge kabisa, usikiweke juu sambamba na vidole vingine kama wanavyofanya wengi. Na kichwa chako kisiwe kwenye mstari mmoja na bapa, simama pembeni kidogo. Ukiwa mashoto pia mkono wa kulia ndo unakaa nyuma, mashine zimetengenezwa hivyo.

Tawi linaloning'inia hewani uzito unalivuta chini, upande wa juu umenyooka kwa mvutano na wa chini umebanwa. Kata kidogo kutokea chini, kama theluthi, alafu malizia juu, la sivyo litapasuka likaja na ganda la shina. Tawi lililolala limeshikiliwa huku na huku ni kinyume chake, anza juu malizia chini, na ukikosea hapo mashine inabanwa. Ikibanwa zima, usiivute ikiwa inaunguruma. Kupanda mtini na chenso usithubutu, ngazi nayo usithubutu, na usikate kitu kilicho juu ya bega lako. Kule juu tumia msumeno wa mkono uliofungwa kwenye mpini mrefu.

Visiki vya kubebesha unakata nusu meta mpaka meta moja kutoka chini, mteremko kidogo maji yasituame. Hapo usishuke mpaka kwenye udongo, mchanga wa kwetu unaua makali ya cheni kwa kugusa tu, na cheni butu inakufanya usukume mashine, ukisukuma ndo unateleza. Ikitoa vipande vipande iko sawa, ikianza kutoa unga chukua tupa unoe. Vile vibonye vya mbele ya kila jino usivisage sana ukidhani unaongeza kasi, unaongeza mateke.

Kitu kingine cha kwetu hukuniuliza ila nakijua, kuni. Tawi likidondoka tu kina mama na watoto wameshafika na kamba zao. Usiwafukuze kwa matusi, ongea nao siku moja kabla, kuni ni zao ila wanaingia mashine ikizimwa. Unapoangusha mti mzima mtu yeyote akae mbali mara mbili ya urefu wa mti, na wewe uwe umefyeka njia yako ya kutokea, kinyumenyume kwa mshazari, sio nyuma moja kwa moja. Na usikate peke yako shamba lote kimya. Awepo mwenzako mwenye simu yenye salio, namba ya boda au gari iwe imeshaongelewa, na kitambaa kinene kisafi cha kukandamiza damu kiwe mfukoni mwako, sio nyumbani. Damu ikitoka unakandamiza kwa nguvu zote bila kuachiaachia kuchungulia mpaka ufike hospitali ya wilaya.

Mafuta sitachukua muda. Mashine nyingi ni mililita 20 za oili ya 2T kwa lita moja ya petroli, zingine za zamani ni 40, fundi atakwambia yenu. Jaza ikiwa imepoa, sigara mbali, alafu sogea hatua kadhaa, meta tatu na zaidi, ndo uwashe. Kuwasha ni chini, breki imefungwa, mguu wa kulia ukiwa umekanyaga mshikio wa nyuma. Ile ya kuidondosha hewani huku unavuta kamba inaonekana ya kibabe kwenye video, iache kwenye video. Na kabla ya yote pitieni ofisi ya TFS ya wilaya, wale wakala wa misitu, chenso zinatakiwa zisajiliwe, na muulize kuhusu kibali cha kukata hata kama miti ni yenu, maana mashine kuukuu isiyo na karatasi inaweza kuwaletea maneno njiani.

Mwembe wa bibi sio wa kuanzia. Mti mkubwa, juu ya bati, matawi mengine yameshakauka yanadondoka yenyewe, hiyo ni kazi ya watu wawili watatu wenye kamba na miaka ya uzoefu, na hata hao wanashusha tawi mojamoja. Mwambie bibi alale chumba cha upande wa pili kwa sasa. Na kama kuna waya wa umeme umepita karibu na hayo matawi, basi hata hao wenye kamba wasiguse, mjomba aende TANESCO wazime laini kwanza.